Naomba ushauri: kumpeleka mama kuona aurora mwezi wa tatu, Abisko au Tromsø?

Mwana_wa_Pangani
Habari za humu ndani, wakuu. Naishi Uppsala, Sweden, na familia. Mama anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa Februari, atakuwa nasi hadi Aprili. Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, ila tangu aone picha za aurora, ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku, kila nikipiga simu ananiulizia hiyo tu. Natamani sana aione, lakini naogopa baridi isije ikamdhuru. Nimewaza katikati ya Machi. Wapo wanaosema Tromsø, mji wa pwani kaskazini mwa Norway, wapo wanaosema Abisko, huku huku Sweden kaskazini kabisa, na rafiki yangu anang'ang'ania visiwa vya Svalbard. Viza ya mama ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ni ya kuingia mara moja.

Kibibi_Kiruna
Karibu kwetu. Mwezi umechagua vizuri. Desemba huku kuna siku jua halichomozi kabisa, mgeni mtu mzima ananyong'onyea. Ikikaribia 20 Machi mchana na usiku vinaelekea kulingana: mchana bi mkubwa anaota jua juu ya theluji, usiku giza bado lipo la kutosha. Tena kipindi hicho aurora hujitokeza mara nyingi zaidi. Msivuke katikati ya Aprili, usiku unakuwa mweupe mno.

Mimi nasema Abisko. Milima ya upande wa Norway inayazuia mawingu ya baharini, kwa hiyo anga huwa safi mara nyingi kuliko pwani. Halafu kuna treni ya usiku ya kwenda Narvik, Norway, inayopita Abisko: mnapandia hapo hapo Uppsala, mama analala, anaamka Laplandi.

Mzee_wa_Fiordi
Dada Kibibi, hapo kidogo napingana nawe. Abisko ni kijiji. Tromsø kuna hospitali kubwa ya chuo kikuu, hoteli za kila aina, hata msikiti upo. Mkondo wa maji vuguvugu wa Atlantiki unapunguza makali ya baridi. Machi mara nyingi ni nyuzi chache tu chini ya sifuri, wakati Abisko usiku inaweza kufika nyuzi 20 chini. Mawingu yapo, sikatai. Waongozaji huwapakia watu kwenye basi dogo na kuyakimbia mawingu, wakati mwingine hadi Ufini, ila safari hizo ni ndefu na za usiku wa manane.

Svalbard iondoe kabisa. Iko chini ya Norway lakini nje ya Schengen. Mama akishaenda Longyearbyen, mji wa huko, anahesabiwa ametoka, na kwa viza ya kuingia mara moja hawezi kurudi.

Nesi_Umeå
Mkuu, mimi kinachonitia hofu zaidi ya baridi ni barafu ya njiani. Mtu wa magoti akianguka, safari imeishia hapo. Mnunulie vyuma vya kufunga chini ya viatu, dukani uliza *broddar*. Viatu vizidi saizi moja, maana vidole vikibanwa damu haifiki. Mwilini aanze na sufu nyepesi, juu yake sweta nene, kisha koti lisilopitisha upepo. Pamba isiguse ngozi. Inashika jasho na kumpoza. Khanga zake avae akiwa ndani ya nyumba. Dawa zake zisiwekwe kwenye sanduku, azibebe mkononi.

Mwana_wa_Pangani
Mungu awabariki. Naegemea Abisko. Je, atalazimika kusimama nje muda mrefu? Na kile kiti cha kamba cha kupanda mlima Nuolja, hapo Abisko?

Kibibi_Kiruna
Kiti hicho usimpandishe. Ni safari ndefu hewani kwenye upepo, na aurora ile ile inaonekana vizuri kutoka ufukweni mwa ziwa Torneträsk. Tafuta chumba chenye dirisha la kaskazini, mama akae ndani na chai yake, wewe ndiye uwe unachungulia. Kaeni usiku nne, kwa sababu mawingu hayana miadi na mtu. Umwambie mapema pia kwamba kwa macho rangi huwa hafifu kuliko kwenye picha, asije akavunjika moyo. Likizo za shule zinaisha mwanzoni mwa Machi, hata hivyo vyumba ni vichache, wahi.

Nesi_Umeå
Na kwenye treni mkatie kitanda cha chini. Ngazi ya kile cha juu hataiweza.