Seine-Saint-Denis: nani anashughulikia nini kati ya meya, Bobigny na Le Raincy?

Swali
Ndugu zangu, habari zenu. Nimehamia kwa dada yangu Aulnay-sous-Bois, katika departimenti (eneo la utawala kati ya manispaa na mkoa) ya Seine-Saint-Denis, jirani na Paris, Ufaransa, na juma hili nimepokea bahasha tatu: ya meya, ya baraza la departimenti na ya prefekti. Mbili za mwisho zina anwani ya Bobigny, ilhali kuhusu kibali cha ukaazi ninaelekezwa Le Raincy. Naomba mwenye uzoefu anifafanulie.

Jibu la 1
Karibu sana, ndugu. Wengi wetu hudhani kwamba baraza na prefekti ni mamlaka moja kwa kuwa yote mawili yako Bobigny, lakini sivyo. Prefekti huteuliwa na rais, naye ni mwakilishi wa serikali kuu, kwa hiyo vibali vya ukaazi viko chini yake. Baraza huchaguliwa na wananchi, na ndilo linalotunza majengo ya shule za "collège" (sekondari ya chini) pamoja na kliniki za mama na mtoto. Majengo ya shule za msingi ni ya manispaa, na ya "lycée" (sekondari ya juu) ni ya mkoa wa Île-de-France. Departimenti ina wilaya tatu, Bobigny, Saint-Denis na Le Raincy, na Aulnay imo katika hiyo ya tatu, ambako kuna naibu prefekti.

Jibu la 2
Niongeze historia kidogo, kwa sababu mipaka hii haikuchorwa zamani. Sheria ya Julai 1964 ilivunja departimenti za Seine na Seine-et-Oise, na tarehe 1 Januari 1968 Seine-Saint-Denis ikaanza kazi ikiwa na manispaa 24 za ile ya kwanza na 16 za ile ya pili. Namba yake ya departimenti, 93, iliwahi kuwa ya Constantine, enzi za ukoloni nchini Algeria. Leo manispaa ni 39, kwani Pierrefitte-sur-Seine iliungana na Saint-Denis mwaka 2025. Eneo lote, kuanzia mto Seine upande wa magharibi hadi Marne kusini-mashariki, ni kilomita za mraba 236 tu, nalo lina watu zaidi ya milioni 1.6.

Jibu la 3
Msongamano huo una gharama. Ruzuku ya wasio na kipato, RSA, ililielemea baraza hadi serikali kuu ikaichukua mwaka 2022, kwa majaribio. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilichelewa mno. Na wewe, ndugu muulizaji, usishangae ukipata bahasha ya nne: taka za Aulnay hushughulikiwa na Paris Terres d'Envol, muungano wa manispaa nane.