"NG'OA TU, HUYU NI WA SERIKALI"

Jameni, naandika pamba ikiwa bado mdomoni. Yule dokta wa meno, simtaji, Lubumbashi nzima inamjua kwa viatu vyake vyeupe. Asubuhi yuko hospitali ya serikali, saa nane yuko kliniki yake ya vioo. Leo nimefika alfajiri, nimelipa fishi, ile karatasi ya kumwona dokta, nikatumwa famasi kununua sindano, dawa ya ganzi na glavu atakazovaa yeye! Nimengoja mpaka watoto waliozaliwa pale leo wameota meno. Nimefungua kinywa, akachungulia sekunde mbili, akamwambia stajieri, mwanafunzi anayejifunza kazi pale: "Ng'oa tu, huyu ni wa serikali."

Ng'oa tu! Gego lenye tundu dogo! Nikauliza, haliwezi kuzibwa? Linazibika, anasema, kule kwake, saa nane, dola 60. Mikono ile ile! Asubuhi jino limeoza, mchana limepona? Sikuwa nazo, shavu limevimba, nikakubali. Ganzi hawakuingoja ishike, nimelia mtaa wa Katuba wakasikia. "Huyu ni wa serikali." Serikali ipi, na kila kitu nimelipa mimi? Jino la mtu mzima halioti tena!

Mama wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi): Pole, ndugu yangu. Mimi aliniambia meno ya nyuma hayaonekani nikicheka, ya nini kuziba. Na kinywa kiko wazi, utamjibuje?

Bwana Kampemba: Mwaka mzima unatafuna mahindi ya kuchoma upande mmoja, leo ndio umemkumbuka dokta?

Mwenye uzi: Papa, umesoma pale aliposema NG'OA TU?

Kijana wa Ruashi: Kliniki nako si peponi. Nimelipa dola 80, amechimba nusu, umeme ukakatika, jenereta haina mafuta. Nimerudi nyumbani na shimo.

Bibi Harusi: Mume wangu analipiwa na kampuni ya mgodi. Walipoona karatasi ya kampuni, meno manne mazima yakaugua palepale.

Mwenye uzi: Ya mumeo yanatibiwa hata yakiwa mazima. Langu, ng'oa tu!

Mama wa Kenya: Huo umeme usiutaje. Kwetu siku ya nne, samaki wote wameoza kwenye friji.

Kijana wa Ruashi: Samaki? Mimi nina saluni, mama!

Bwana Kampemba: Nina jenereta ndogo, imetumika kidogo. Anayeitaka aniandikie pembeni.

Mwenye uzi: Jino langu liko hapa kwenye karatasi, jameni, mzizi mzima kabisa...

Mama wa Kenya: Ya petroli au ya mazuti?