Mdudu gani aliwahi kukusimamisha njiani? Tupeane uzoefu

MwalimuWaSanaa (Shinyalu, Kakamega):
Wadau wa Nakuru, Kisumu na Magharibi yote, hamjambo. Nafundisha sanaa shule ya msingi, na muhula huu tunachora wadudu. Watoto wangu wengi wanajua wadudu kwa majina ya dawa tu: dawa ya mende, dawa ya mbu, dawa ya viwavi. Na hapa tuko kando ya msitu wenye aina zaidi ya 400 za vipepeo! Naomba hadithi zenu wenyewe nikawasomee darasani. Ulimwona wapi, alikuwa akifanya nini, na alikuachia wazo gani?

Naanza mimi. Baada ya mvua nilimkuta dundu goliathi chini ya mti. Hawa madume hufika karibu sentimeta 10, na ukimweka kiganjani unausikia uzito wake, kucha zikishika ngozi. Shingoni ni mweusi mwenye mistari meupe iliyonyooka, mgongoni rangi ya damu ya mzee iliyofifia. Alipotaka kuruka, yale magamba magumu ya mgongoni hakuyafungua. Alichomoa mbawa laini kupitia ubavuni, akanguruma, akaenda. Tangu hapo nawafundisha watoto kuchora mstari mweupe kwa kuacha karatasi wazi, siyo kwa kupaka rangi nyeupe juu.

CherehaniKibuye (Kisumu):
Mwalimu, asante kwa mada hii. Mimi ni fundi wa nguo na nina mlimau nyuma ya nyumba. Viwavi wake wakiwa wadogo, utadhani ni kinyesi cha ndege kimedondoka kwenye jani, hudhurungi chenye baka jeupe. Wakikua wanageuka kijani. Mguse mmoja: nyuma ya kichwa kinachomoza kitu cha rangi ya machungwa chenye ncha mbili, na harufu kali inakufukuza. Ndiyo silaha yake.

Kipepeo anayetoka hapo ni mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, na kwenye bawa la nyuma ana jicho dogo lenye samawati na wekundu. Niliangalia ule wekundu nikaelewa kitu ambacho wateja walikuwa wakinilalamikia siku nyingi, kwamba nguo zangu zina kelele. Bawa zima ni rangi mbili tulivu, halafu nyekundu kidogo sana mahali pamoja. Sasa nikishona gauni jeusi na krimu, nyekundu naiweka kwenye kifungo au ukingo wa mfuko, basi. Ndiyo mishono inayoagizwa zaidi.

MjengoBungoma:
Mimi ni vichuguu. Sisi waashi tunaujua udongo wake tangu utotoni, maana ndio uliokuwa ukisiriba sakafu za mama zetu. Mchwa anachanganya udongo na mate yake, chembe kwa chembe, na mvua ya Bungoma mnaijua, lakini kichuguu kinasimama. Siku moja kampuni ya barabara ilipasua kimoja kikubwa karibu na kwetu. Nilichutama pale mpaka jioni. Ndani kuna njia za hewa, na vyumba ambamo mchwa wanalima kuvu ndio chakula chao. Uyoga ule mtamu unaoota juu ya kichuguu mvua ikianza unatoka kwenye shamba hilohilo.

Kule Harare kuna jengo la Eastgate, lililokamilika mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alichukua wazo kwenye vichuguu, na linapoozwa kwa mtiririko wa hewa bila mitambo mikubwa ya kawaida. Mimi sijengi maghorofa. Lakini nyumba yoyote ninayoanza sasa, nauliza kwanza upepo unatoka wapi, ndipo napanga madirisha na matundu ya juu. Wenye nyumba za mabati wananielewa mchana wa Januari.

NyanyaAlinifunza (Vihiga):
Umenikumbusha nyanya yangu akigonga vijiti juu ya kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua imekuja, watoke. Wakishadondosha mbawa, dume linamfuata jike mguu kwa mguu wakitafuta pa kuanzia nyumba. Nyanya alikuwa akituambia hao wawili tusiwaokote.

MkulimaBusia:
Ndugu zangu, sipingi, lakini mtu aliyelishwa hasara na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi hana nafasi ya kusifu wadudu. Uzuri wao niuone wapi?

MamaWaMbita:
Mkulima, pole sana, nayajua machungu hayo. Huku Mbita tuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachoitwa kwa jina la Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha taasisi hiyo mwaka 1970. Waliwasoma nondo wanaozaa hao viwavi kwa uvumilivu mkubwa, wakagundua wanaongozwa na harufu. Basi unapanda mmea uitwao desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, harufu yake inawafukuza. Pembeni unazungusha nyasi za nepia, zinawavuta wakatage huko, na viwavi wengi hawakui kwenye nepia. Desmodiamu hiyohiyo inazuia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ng'ombe anakula vyote viwili. Nimepanda, na shamba langu limebadilika. Uzuri niliouona mimi ni huo: adui akisomwa vizuri, anakuonyesha mwenyewe mlango wake.

MvuviDunga (Kisumu):
Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani. Mwezi ukiandama wanainuka ziwani kwa wingi mpaka wanasimama juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa. Hawaumi. Wamekaa muda mwingi kwenye tope la chini wakiwa lava, kisha wanapata siku chache tu za kuruka. Ukipita na mtumbwi ndani yake, unafunga mdomo na unasikia mvumo mmoja kila upande. Kaka yangu anapiga nyatiti, na ule mvumo ameutia kwenye uzi wa chini.

LangaLanga (Nakuru):
Kereng'ende wakijaa juu ya uwanja, sisi husema mvua iko njiani. Nilishangaa kusoma kwamba kuna aina yao inayovuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki ikifuata upepo. Mdudu wa urefu wa kidole! Binti yangu sasa anataka kufuga kiwavi ili aone mabadiliko. Dada wa Kibuye, inawezekana nyumbani?

CherehaniKibuye:
Inawezekana kabisa. Tafuta mlimau au mchungwa usiopuliziwa dawa, ukate kijiti pamoja na kiwavi wake. Kitie kwenye chupa ya maji, uzibe mdomo kwa pamba asije akazama, kisha weka yote kwenye boksi lililofunikwa chandarua. Badilisha majani kila yanaponyauka. Akianza kujifunga uzi kiunoni kwenye kijiti, msimguse tena. Siku ganda likigeuka jeusi na madoa ya manjano yakaonekana ndani, mwamshe binti mapema, maana mara nyingi wanatoka asubuhi.