Mjadala: Afisa mauzo aliyehama kampuni tano na kupunguzwa kazini, je, hafai kuwa meneja?

Mleta mada

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina swali, na nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Nauza tangu 2015. Nilianza na sabuni, natembea Manzese kwa miguu na daftari la oda kwapani. Nikapanda gari la mauzo la vinywaji, ruti ya Temeke na Mbagala. Nikaenda Mwanza na mafuta ya kula, nikarudi Dar kwenye vocha, mwisho vipodozi. Kampuni tano. Ya tano ilinipunguza mwaka jana: waliunganisha kanda mbili, tukapungua. Sikuiba, tageti nilikuwa nafikisha. Nilikuwa na miezi 14 tu pale.

Wiki iliyopita niliitwa usaili wa umeneja wa eneo. Watu watatu mezani. Hakuna aliyeniuliza duka lililogoma kununua naliingiaje, wala Tandika mzigo unashuka siku gani. Muda wote ni "kwa nini hutulii?" Mmoja akafunga faili langu, akasema mtu wa kuhamahama hakabidhiwi watu.

Hoja yangu ni hii: kwenye mauzo kuhama ndiyo ngazi yenyewe. Ukifikisha tageti mwezi huu, zawadi yako ni tageti kubwa zaidi mwezi ujao. Mshahara wa msingi unabaki palepale, kamisheni inabadilishiwa hesabu katikati ya mwaka. Mimi nyongeza ya maana nimeipata kwa kuhama tu. Na nani alinihamisha? Waajiri haohao! Kampuni ikitaka kuingia Mbagala haifundishi mtu, inamfuata wa mshindani mwenye wateja wake tayari. Leo uhamaji umekuwa dhambi yangu peke yangu. Ni haki?

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Marahaba binti yangu, na pole kwa kupunguzwa. Nimefanya kazi ya kuajiri miaka mingi kabla sijastaafu, na huyo aliyefunga faili amekosa adabu. Ila swali lake lilikuwa halali.

Hakuna idara ambayo ni rahisi kung'ara mwaka wa kwanza kama mauzo. Tarehe 28 muuzaji anaona tageti haifiki. Anakwenda kwa muuza jumla, anamjazia katoni mia mbili kwa mkopo, anamwahidi bonasi. Karatasi inasema kauza, kamisheni inalipwa, picha yake inabandikwa ukutani. Mzigo wenyewe uko stoo unasubiri tarehe ya kuisha muda. Baada ya miezi minne mitano unaanza kurudi, deni halilipiki, na mhusika ameshavaa fulana ya kampuni nyingine.

Ndiyo maana natafuta aliyekaa mahali pamoja walau miaka miwili, mitatu. Mapenzi yake kwa bosi hayanihusu. Nataka kujua aliyouza yalilipwa, na duka alilolifungua mwaka wa kwanza lilikuwa bado linanunua mwaka wa tatu. Mtu wa miezi 14 hapa, miezi 18 kule, siwezi kujua kama ni hodari au alikuwa anaikimbia bili yake. Na meneja kazi yake kubwa ni madeni, tena ya kuachiwa na wengine.

Mzee wa Ruti

Vijana subira hamna. Mimi miaka 17 kampuni moja.

Binti wa Mwanjelwa

Mzee wangu shikamoo. Na mshahara je, na wenyewe umetulia miaka 17?

Muuza jumla, Kariakoo

Naomba na sie wanunuzi tuseme, maana mnatugombea bila kutuuliza.

Kuna kijana alinijia na fulana nyekundu, miaka miwili baadaye bluu, sasa ana ya kijani. Zote tatu nimenunua kwake. Sababu? Katoni ikifika imelowa, anaiandikia palepale na Jumatatu inabadilishwa. Bei ikitaka kupanda ananidokeza mapema nijipange. Yupo mwingine wa kampuni moja miaka kumi na ushee, sijawahi kumwona akishuka garini. Anapiga honi, kijana wangu anatoka, anapewa karatasi asaini. Huyo mnataka kumpa umeneja kwa sababu katulia? Katulia kweli, kwenye kiti.

Lakini mstaafu hajakosea. Mwaka juzi mmoja aliniahidi bonasi ya katoni 20 nikichukua mzigo wa mwisho wa mwezi. Nikachukua. Akahama. Aliyekuja anasema hakuna maandishi popote. Nikala hasara, na hadi leo bidhaa ya kampuni ile naweka rafu ya chini.

Mimi ningekuwa kwenye usaili ule ningetaka kitu kimoja. Usinipe wadhamini wa maofisini, nipe namba za wenye maduka watatu uliowaacha ulipohama. Nitapiga mwenyewe.

Mshauri wa kazi, Ilala

Mnachanganya mambo mawili na mleta mada anaumia katikati. Kuhama ni uamuzi wake. Kupunguzwa si kosa lake hata kwa sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, ashauriane nao au na chama chao kuhusu namna ya kuepusha upunguzaji na vigezo vya nani aondoke. Urefu wa utumishi ni mojawapo ya vigezo vinavyokubalika, na kwa vitendo ndicho kinachokimbiliwa: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka. Kwa hiyo dada, wa miezi 14 ulikuwa juu ya orodha kabla hata hawajafungua kitabu cha mauzo. Kuhama hakukukufukuzisha, ila ndiko kulikokupanga foleni ya mbele.

Halafu piga hesabu, maana hii watu wa mauzo hawaipigi wanapokimbilia nyongeza. Kiinua mgongo kwa kiwango cha sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tuseme msingi wako ni 900,000. Ukigawa kwa siku 26 za kazi, siku moja ni kama 34,600. Miezi 14 ni mwaka mmoja tu uliokamilika, unaondoka na kama 242,000. Aliyekaa miaka sita kwa mshahara huohuo anaondoka na zaidi ya 1,450,000. Na zile kampuni nne ulizoacha kwa barua yako mwenyewe huzidai kiinua mgongo. Na hesabu hii ni ya mshahara wa msingi tu, wakati kwa watu wenu kamisheni ndiyo maisha.

Ulipoondoka ulipaswa kupewa cheti cha utumishi. Kama hukupewa, kadai. Barua ya kupunguzwa iliyotaja kuunganishwa kwa kanda nayo iweke juu kabisa ya faili, mtu asikuulize mara mbili. Na walio kwenye msukosuko huu sasa hivi wakumbuke: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Wengi wanafika na miezi mitatu mkononi na huzuni tele.

Waajiri wanne, dawati moja

Mmesahau kundi letu. Nimeuza bidhaa ileile, ruti ileile, kwa miaka sita. Fulana haijabadilika. Lakini mikataba ninayo minne, kwa sababu kila wakala wa ajira anapobadilishwa tunasainishwa upya tunaanza sifuri. Serikali ilitoa kanuni 2014 kwamba wakala aunganishe tu watu na kazi, asiwe yeye mwajiri. Kanuni zipo, na mikataba yangu minne nayo ipo. Mezani kwa mstaafu mimi ni mhamaji mkubwa!

Nilichofanya kwenye wasifu: nikaandika bidhaa na eneo kwanza, 2018 hadi 2024, kisha kwa maandishi madogo nikawataja mawakala wote wanne. Sikudanganya neno. Nikaanza kuitwa.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mwenzangu wa waajiri wanne, huo mpangilio nauchukua.

Kaka wa Kariakoo, umenichoma. Nimejaribu kichwani: sabuni, ninao watatu wa kukupa sasa hivi. Vinywaji, nitakupa kumi, wengine hunipigia hadi leo kuniuliza bei ya vitu nisivyouza. Mafuta ya kula, nina wawili Mwanza. Vipodozi ndio hao nilioondolewa juzi, wananiulizia. Vocha... vocha sina hata mmoja. Nilikaa miezi tisa, nikaondoka kwa haraka kwa sababu mshahara wa kule nilikokwenda ulikuwa unaanza tarehe moja. Madeni ya vibanda niliyaacha kichwani mwangu, sikumkabidhi mtu karatasi. Sikula shilingi ya mtu, lakini kijana aliyenifuata alikatwa mshahara kwa baadhi yake. Hilo kwenye usaili sikulisema. Nilisema "nilitafuta changamoto mpya", kama kila mtu.

Mzee wangu mstaafu, bado sikubaliani na wewe kwamba miaka ndiyo kipimo. Aliyekaa miaka mitatu naye anaweza kujaza stoo za watu kila tarehe 28, tena ana muda zaidi wa kuficha. Ulizeni marejesho ya mzigo, ulizeni deni lililopitiliza siku 60, hivyo vinaandikwa. Nikikuletea hivyo vya kampuni nne, na ile ya vocha nikakueleza kama nilivyoeleza hapa, unanipa umeneja?

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Umeneja, hapana. Ningekupa usimamizi wa ruti, wauzaji wanne chini yako, mwaka mmoja. Madeni yakikaa sawa, eneo ni lako, na hilo ningeliandika kwenye mkataba lisiwe la mdomo.

Na hiyo habari ya vocha ningeitaka usaili ujao uiseme hivyohivyo, bila "changamoto mpya".

Mleta mada

Nitaisema. Mwaka mmoja nakubali pia. Mshahara je, wa msimamizi au wa muuzaji?

Niliyekaa upande wa pili wa meza

Wa muuzaji kwa miezi sita ya kwanza, halafu tunaangalia.

Binti wa Mwanjelwa

Mnaona sasa? Anahama huyo mwezi wa saba.

Muuza jumla, Kariakoo

Akihama aje na fulana mpya, chai ipo. Bonasi zangu tu aziandike.