Tulilipia Kundelungu na Lofoi, tukaishia barabarani. Pesa zetu zirudi!

Wandugu wa Lubumbashi na wote mnaopenda kutoka mjini siku za mapumziko, nawasalimu. Nina hasira, na nitaandika yote isipokuwa jina la hawa wapangaji wa safari. Wakisoma watajijua wenyewe.

Tangazo lilizunguka kwenye simu mwezi wa nane: bonde la Lufira, milima ya Kundelungu, maporomoko ya Lofoi, kwenda na kurudi siku moja, jipe, chakula, kiongozi, gharama zote ndani. Dola 70 mtu mzima, 40 mtoto. Nikalipia watu wote wa nyumbani pamoja na Mama yangu mzazi, ambaye kwao ni hukohuko kwa Basanga, wenyeji wa bonde la Lufira, na tangu aolewe mjini hakuwa amerudi kuyaona mabonde ya kwao. Mama alishona kitenge kipya kwa ajili ya safari hiyo. Mjue kwanza hilo, ndipo mtaelewa kwa nini sinyamazi.

Tuanze na picha. Picha ya tangazo haikuwa Lofoi. Ilikuwa Kiubo, yale maporomoko mapana ya Lufira yenyewe, upande wa njia ya Mitwaba. Lofoi ni mto mwingine, mdogo, unatoka juu ya uwanda wa Kundelungu na kudondoka mara moja tu kwenye ukingo, mwembamba, zaidi ya mita 300 kwenda chini. Niliwaandikia siku ileile. Jibu: "Papa, ile ni mfano tu, tutafika Lofoi yenyewe." Mtu anayeuza safari asiyejua tofauti ya Kiubo na Lofoi anauza kitu gani hasa?

Halafu msimu. Walituambia Lofoi ni ileile mwaka mzima. Si kweli hata kidogo! Huku kwetu mvua inakata kwenye mwezi wa nne, na kurudi ni mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Mwezi wa tisa, tuliposafiri sisi, mito midogo imepungua sana, majani yamekauka, moto wa nyika umepita kila mahali na moshi umetanda mpaka mlima unauona kwa shida. Anayetaka kuona maji aende mvua zikiwa zimeshajaza mto, na huyo naye ajue kwamba njia itakuwa matope. Mpangaji mwaminifu angetuambia mambo hayo mawili, tukachagua wenyewe. Hawa walitaka dola tu.

Tuliambiwa saa kumi na moja alfajiri. Tuliondoka saa tatu na nusu. Jipe haikuja, ikaja basi dogo lenye tumbo chini, viti vimefungwa kwa kamba, na watu wengi kupita nafasi. Mama akakaa juu ya ndoo ya vinywaji mpaka kijana mmoja akamwachia kiti. Mungu amjalie kijana yule.

Kwenye kila bariera, kizuizi cha barabarani, kiongozi anateremka, anaongea, anarudi dirishani: "Wakubwa, tuchange ya maji." Gharama zote si zilikuwa ndani? Mara ya kwanza tukatoa. Baadaye baba mmoja wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, akakataa, tukakaa juani mpaka shofere mwenyewe akatoa mfukoni mwake.

Tulipoiacha njia ya Kasenga na kuingia ya udongo, ndipo nikauliza karatasi za kuingia hifadhini ziko wapi. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, si shamba la mtu. Kuingia kuna ruhusa na kuna malipo. Kiongozi akatazama simu yake. Hakuna karatasi, hakuna mtu aliyepigiwa, hakuna aliyetusubiri huko mbele. Maana yake ni kwamba hata basi lingefika, hatungejua tunapokelewa na nani.

Basi halikufika. Kulikuwa na korongo, na daraja lake lilikuwa magogo, baadhi yameoza. Vijana wa makala, yaani makaa, walikuwa wanavuka mmoja mmoja na baiskeli zao, kila baiskeli na magunia yaliyofungwa kwa mpira wa tairi, mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma. Shofere akashuka, akakanyaga gogo la pembeni, likazama. Akasema harudi kwa mwenye gari na ekseli imevunjika. Simlaumu, yeye ndiye peke yake aliyesema ukweli siku ile.

Hapo kiongozi akanyoosha mkono kwenye mstari wa buluu uliokuwa mbali ndani ya moshi, akasema, "Ile ndiyo Kundelungu. Mupige picha."

Binti yangu akauliza maji iko wapi. Akauliza tena kwa nini mlima umekatwa juu, umelala sawa kama meza. Kiongozi akamwambia, "Mungu aliuumba vile." Mtoto ameuliza swali la akili! Angeambiwa kwamba mawe ya Kundelungu yamelala tabaka juu ya tabaka, karibu sawasawa, na mito inayakata pembeni, ndiyo maana juu ni uwanda wa majani na pembeni ni ukuta, na ndiyo maana Lofoi inaanguka badala ya kuteremka polepole. Jibu hilo halihitaji hata dakika mbili.

Aliyetuongoza siku ile ni Mama, bila kulipwa. Aliwakusanya watoto wa basi zima chini ya mti, akawaeleza chumvi ya Mwashya, jinsi wazee walivyokusanya udongo wa chumvi kiangazi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha, na watu wakatoka mbali kuja kuinunua. Akawaeleza Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, na jinsi Wazungu walivyomuua mwezi wa kumi na mbili 1891. Watoto walitulia. Kiongozi mwenye fulana iliyoandikwa "kiongozi" alikuwa amelala ndani ya basi.

Chakula kilikuwa bukari baridi na vipande vya kuku ndani ya sahani za plastiki, tukala kando ya njia, karibu na nyumba za watu. Tulipomaliza, wasaidizi wakasema tuziache palepale, "huku ni pori tu." Pori gani? Shamba la mihogo lilikuwa hatua chache kutoka pale, na mama mwenye shamba amesimama mlangoni kwake anatuangalia! Bonde la Lufira limeandikwa UNESCO kama hifadhi ya biosfia tangu 1982, na mwaka 2017 likaingia kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji. Hata lisingeandikwa popote, watu wanaishi pale. Tuliokota wenyewe, tukarudisha kwenye gunia.

Tulifika mjini karibu usiku wa manane. Kesho yake nikapiga simu. "Papa, si mulifika kule? Milima hamukuiona?" Nikadai pesa yangu. Akasema mafuta yameshachomwa. Jioni nikatolewa kwenye kundi lao, na wengine walioandika kama mimi pia wakatolewa. Wiki hii nimeona tangazo jipya, lugha ileile: maporomoko ya Mwadingusha na ziwa Tshangalele, siku moja. Na picha ni ya zamani, maporomoko yamejaa. Mwadingusha ina bwawa la umeme tangu 1930, maji mengi yanaingia kwenye mitambo. Ni pahali pazuri pa kutembelea, lakini waseme wanachokwenda kuonyesha!

Nataka mambo mawili. La kwanza, warudishe pesa zote za Lofoi, za bariera ndani yake, kwa watu wote waliokuwa kwenye basi lile. La pili, anayetaka kutuuzia Kundelungu aandike kwenye tangazo ni gari gani, tunalala wapi, ruhusa ya hifadhi imelipwa au la, na kiongozi ni mtu wa vijiji vya kule. Vijana wa kule wapo, njia wanazijua, na kazi wanaitafuta.

Mliokuwa nasi, pigeni picha ujumbe wa malipo mliotumiwa kwenye simu, mfiche namba, muuweke hapa chini. Tukishakusanya za kutosha tunakwenda kwao pamoja, na Mama amesema anakuja.