Mrejesho: Programu za Linux Mint kwa kompyuta ya steshenari

Habari wakuu. Niliuliza programu zipi za bure zitanitosha kwenye kompyuta ya dukani yenye RAM ya GB 4, niliyoiwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows. Asanteni sana mliojibu. Nimezitumia kazini, mbele ya wateja.

LibreOffice, programu ya ofisi inayofanya kazi za Word na Excel, ndiyo imebeba mzigo: CV, barua, mitihani ya shule. Hofu yangu ilikuwa faili la Word la mteja kuvurugika, na kumbe mchawi ni fonti, yaani aina ya mwandiko. Calibri, fonti ya Word, isipokuwepo, mistari inasogea, CV ya ukurasa mmoja inakuwa ya kurasa mbili. Aliyenishauri niweke fonti za bure za Carlito na Caladea Mungu ambariki. Herufi za fonti hizo zina upana uleule wa zile za Calibri na Cambria, fonti nyingine ya Word, kwa hiyo kila mstari unabaki mahali pake. Pia LibreOffice nimeipanga ihifadhi kwa .docx, muundo wa Word, moja kwa moja, mteja akifungua kwake asisumbuke.

GIMP, ya kuhariri picha, inataka uvumilivu kuizoea, ila kwa picha za paspoti inatosha kabisa. VLC, ya kuchezea video na muziki, haina haja ya maelezo zaidi.

Iliyonifurahisha zaidi ni KDE Connect, inayounganisha simu na kompyuta. Mteja ananitumia kazi WhatsApp, naisukuma kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta kwa Wi-Fi ileile, bila waya wala flashi.

Timeshift, inayotunza nakala za mfumo ili uurudishe ukiharibika, nayo nimeiwasha. Mnaoanza mjue inalinda mfumo tu. Usipoibadilisha, haigusi nyaraka zako. Kazi za wateja nazinakili kwenye diski ya nje kila jioni.