Wana Mwanza, hivi nyie chai mnapikia maji gani?

Wakuu, leo nitakuwa mkali kidogo, mniwie radhi. Nimechoka. Tuko huku Bugarika mlimani, ziwa tunaliona lote hapo chini, ziwa la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi, halafu mtu unashindwa kunywa kikombe cha chai ya rangi nyumbani kwako!

Maji yakikatika ndiyo yamekatika. Yanarudi usiku wa manane, bomba linakohoa upepo kwanza, kisha yanatoka mekundu. Unakesha ukisubiri maji yatulie ndipo ujaze ndoo. Asubuhi ukiinjika chai, majani yakiingia tu rangi inageuka nyeusi ti, ukitia maziwa inakuwa kijivu. Ni kutu hiyo. Chuma kilichomo kwenye maji kikikutana na tanini ya majani ya chai lazima kitoe weusi ule, na ladha yake utadhani unalamba msumari.

Mama mkwe alikuja na majani yake kutoka Kagera, akatusema weee, eti tunanunua vumbi la bei rahisi. Akaingia jikoni kupika mwenyewe. Akamimina, akaonja, akauliza nani kaosha sufuria.

Majani yale yale ukipikia maji ya chupa, chai inatoka nyekundu, inang'aa. Sasa ninunue maji ya chupa ya kupikia chai na bili ya bomba nalipa?

Zipo wiki kutu haipo, ila klorini inakupanda puani ukifungua flaski. Klorini siipingi, kipindupindu tunakijua sote, na ukiacha ndoo wazi usiku kucha harufu inapungua. Lakini ziwa likishageuka kijani kwa mwani, maji yanakuja na harufu ya tope, na hiyo haiondoki kirahisi.

Ukipiga simu kulalamika unajibiwa neno moja: chemsheni. Jamani! Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa. Kutu kunaipeleka wapi? Maji yanapungua kwenye sufuria, chuma kinabaki palepale. Na ule mwani ukiwa wa aina yenye sumu, sumu yake haifi kwa kuchemsha. Anayewafundisha hao wapokea simu ni nani?

Na asije mtu hapa kuniambia nitie tangawizi. Tangawizi naipenda, ila siyo ya kufichia uchafu.

Kinachoniuma zaidi, maji ya ziwa hili kwa asili ni laini, hayana chumvichumvi kama ya visima vingi vya huko bara. Yalitakiwa yatoe chai nzuri kuliko mikoa mingi. Yanaharibikia njiani, kwenye mabomba.

Kwa nini mabomba hayasafishwi kabla ya kufungulia upande wetu? Na yale mekundu tunayomwaga mtaroni, mbona mita inayasoma na tunayalipia?

Wa Igogo, Mabatini, Nyakabungo, ya kwenu yanatokaje? Wekeni picha za vikombe hapa.